Marehemu Niliyemfufua Kitabuni

Mkono wangu wa kusuka ni mbaya, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu mji wetu mdogo wa Kabati, Kitui, wote unajua. Kiondo changu cha kwanza, kikapu cha katani, kilianza vizuri kwenye kitako, kikapinda kiunoni, na kilipofika mdomoni kilikuwa karibu kujifunga chenyewe. Mwenyekiti wa chama chetu cha kusuka alikiinua juu akina mama wote wakione, akauliza, "Mwalimu, hiki ni cha kubebea nini?" Kabla sijajibu akasema kuku wake amekuwa akitafuta mahali pa kutagia. Walicheka mpaka mmoja akaangusha katani yake kwenye vumbi. Kuku alikubali kutagia humo, na mimi nikapewa kazi nyingine: wao wasuke, mimi nisome.

Kazi hiyo ilinifaa. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa Kiswahili, sauti bado ninayo, na hasira ya darasani bado ninayo pia. Tulikutana alasiri kwenye veranda ya mwenyekiti, nyuma ya soko. Kusuka kunashika mikono, lakini masikio yanabaki bure, na masikio yakiwa bure umbea unaingia. Umbea nao una mwisho. Kabati si Nairobi. Ukishamaliza nani ameoa nani na nani amemkimbia nani, unaanza kurudia, na wenyewe wanasikia. Kwa hiyo tukakubaliana tusome vitabu, na atakayenikatiza ninaposoma atanunua sukari ya chai. Sheria hiyo niliitunga mimi, na wa kwanza kununua sukari alikuwa mwenyekiti mwenyewe.

Wakati huo dada yangu mkubwa alikuwa akiishi kwangu. Mumewe alikuwa amekufa kwao Mbumbuni, upande wa Makueni, na baada ya mazishi dada alifunga mlango, akatia nguo kwenye mfuko, akaja kwangu "kwa siku chache." Mvua ikanyesha, mbaazi zikapandwa zikavunwa, zikapandwa tena, dada bado yuko kwangu. Jamani, sikuwa namfukuza! Nyumba yangu ni kubwa na mimi mwenyewe ni mjane wa siku nyingi. Shida ni kwamba mtu aliyekuja hakuwa dada yangu.

Dada yangu mimi namjua. Kicheko chake kilikuwa kinafika sokoni kabla yake. Kwenye harusi ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo, na akianza hata bwana harusi anasahau mkwe anamtazama. Huyu aliyekuja kwangu alikuwa na maneno machache tu: "chai iko," "nimefua," na "nimesikia." Alisugua sufuria zangu kwa majivu na mchanga mpaka nikaanza kuona uso wangu humo, na uso wenyewe si wa kutazamwa asubuhi. Nilimwambia aache, zitatoboka. Akasema, "Nimesikia," akaendelea kusugua.

Na alikuwa hajalia. Siku ya mazishi hakulia, baadaye hakulia. Watu walimsifu sana kwa hilo. "Mama amejikaza," walisema, kana kwamba amepewa cheti. Mimi nilipiga makofi na wengine siku ile, lakini baada ya kukaa naye nyumbani nilianza kuogopa. Nilimtaka dada yangu. Sikutaka kitu kingine, na nilikuwa tayari kupigana na yeyote, hata na yeye mwenyewe, nimpate.

Basi nikamleta kwenye chama. Mkono wake wa kusuka ni mzuri kupita wetu wote, kwa hiyo walimpokea kwa shangwe, kisha wakaanza kumwogopa. Hapa kwetu mtu aliyefiwa anazungukwa na maneno laini. Neno "kufa" likaondoka kabisa pale verandani. Simu ikifa chaji tunasema imelala. Mwewe alipomchukua kifaranga wa mwenyekiti, mwenyekiti alitazama dada, akameza mate, akasema kifaranga amesafiri. Hata mama mwenye duka la vitambaa jirani, Mwislamu ambaye familia yake ilitoka kaskazini mashariki, alipatwa na ugonjwa huo huo. Huyu mama hasuki vizuri kunishinda hata kidogo, ila anavumiliwa kwa sababu huleta chai ya viungo kwenye chupa kubwa. Siku moja alianza kusema "nakufa na njaa," akashtuka katikati, akamalizia, "na... naendelea na njaa." Dada hakuinua hata macho.

Kitabu chenyewe nilikiokota sokoni kwenye rundo la vitabu vya mtumba, hakina jalada, hakina jina, kurasa za mbele zimeliwa na panya. Nilisoma ukurasa mmoja nimesimama pale pale juani. Fundi baiskeli anamtania mke wake, mke anauza mandazi, fundi anasema mandazi haya yakiingia kwenye tairi hakuna haja ya pumzi. Nikacheka peke yangu. Nikasema hii ni hadithi ya mapenzi na mzaha, dawa ya dada yangu hii hapa, nikalipa nikaenda zangu.

Siku za kwanza mambo yalikuwa matamu. Akina mama walimpenda yule fundi kwa nguvu. Mwenyekiti alisema mume kama huyo akipatikana Kitui agawanywe. Nilimwona dada amepunguza kasi ya kusuka pale nilipofika kwenye maneno ya fundi. Jamani, nilijiona daktari!

Nikaendelea kusoma kwa madaha, nikageuza ukurasa, na fundi ana homa. Nikasoma homa. Nikageuza tena, na macho yangu yakatangulia mdomo kama inavyotokea kwa msomaji mzoefu, nikaona chini ya ukurasa jirani amesimama mlangoni kwa mama wa mandazi. Nikaona anachosema. Mungu wangu! Dada ameketi hatua mbili kutoka kwangu, na mimi ndiye niliyemleta.

Msomaji mwenye akili angefunga kitabu na kusema macho yamechoka. Mimi nilifungua mdomo nikasoma, kwa sauti safi kabisa ya darasani, "Jirani alifika mlangoni akasema, 'Mama, furahi, mumeo amepona.'"

Akina mama walipiga vigelegele. Mwenyekiti alisema alijua tu, fundi kama yule homa haimwezi. Nami nikafunga kitabu, nikanywa chai, nikajipongeza kwa kazi nzuri ya huruma. Sikufikiria kesho yake hata kidogo.

Kesho yake kitabu kilikuwa pale pale, na ndani yake fundi alikuwa amekufa kwelikweli, na kila ukurasa ulikuwa umejaa matanga. Niliruka mistari, lakini siwezi kuruka kitabu kizima. Majirani wakafika na sukari, majani ya chai na unga.

"Za nini hizo?" mwenyekiti akauliza, bila kujali sheria ya sukari.

"Wamekuja kumpongeza kwa kupona," nikasema.

"Na mbona mama wa mandazi ananyamaza?"

"Furaha imemzidi."

Nikasonga mbele jasho likinitoka. Kwaya ikafika, nikasema ni kwaya ya shukrani. Turubai likasimamishwa, nikasema jua lilikuwa kali. Wazee wakakaa kikao kuhusu baiskeli za marehemu, na hapo nikasema wanataka kumfungulia fundi duka kubwa zaidi. Wenzangu walikuwa wamepunguza kusuka, wananitazama tu. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho mapema, maana ukurasa uliofuata wanaume wa kitabuni walikuja na majembe na sururu, wakaanza kuchimba nyuma ya nyumba.

"Wanachimba nini?" akauliza mama wa duka.

"Choo," nikasema.

"Choo?"

"Choo. Cha zamani kilikuwa kimejaa."

"Soma," akasema, na kikombe chake hakikugusa mdomo.

Nikasoma. Nilikuwa nimechoka, na uongo ukikuchosha unaanza kusoma yaliyoandikwa bila kujua. Nikasoma kwamba mchungaji alisimama kando ya shimo akafungua Biblia. Nikasoma kwamba watu waliimba. Nikasoma kwamba mama wa mandazi alichukua udongo kwa mkono akautupa ndani ya shimo, na wengine wakafuata, mmoja mmoja.

"Mwalimu," mama wa duka akasema polepole, "wallahi mimi nimeishi na Wakristo miaka mingi, na nimeona mengi. Choo gani hiki kinaimbiwa?"

Mwenyekiti akaanza kucheka puani, akajizuia, ikamshinda, na veranda yote ikalipuka. Mwingine anasema ni choo cha askofu. Mwingine anauliza kama kilibatizwa. Mama wa duka anafuta machozi kwa mtandio wake, anasema, "Mficha maradhi, kilio humuumbua," na wanacheka upya. Mimi pia nilicheka, nitafanya nini, nilicheka kwa hofu mpaka mbavu zikaniuma.

Dada hakucheka. Aliweka kiondo chake chini, akanyoosha mkono.

"Lete," akasema.

"Dada, macho yako..."

"Lete kitabu. Na miwani."

Nilimpa vyote viwili. Vicheko vilikatika. Dada alirudisha kurasa nyuma, moja moja, akilowesha kidole, mpaka akapata alichokitafuta, na akasoma kwa sauti. Hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho tangu aje kwangu. Alisoma jinsi jirani alivyofika mlangoni asubuhi, jinsi alivyokataa kiti, jinsi alivyomshika mama wa mandazi mikono yote miwili. Akasoma, "'Mumeo amekufa,' jirani akasema." Akaisoma tena sentensi hiyo. Kisha akaweka kidole juu yake, akatutazama sote kwa zamu.

"Huyu aliambiwa," akasema.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi, na mimi nilitaka ardhi inimeze.

Sasa niwaeleze, kwa sababu kwetu jambo hili ni la kawaida mpaka hatulioni. Mtu akifiwa na yuko mbali, haambiwi. Anaambiwa njoo nyumbani, mgonjwa anaendelea vizuri, anakuulizia. Sababu yake ni nzuri: asianguke njiani, asizimie peke yake kati ya wageni, apate habari akiwa na watu wake. Mimi mwenyewe niliitwa kwenye "mkutano wa familia" katikati ya juma, na nikajua pale pale, maana familia yetu haijawahi kukutana katikati ya juma kwa sababu nyingine. Lakini dada alikuwa Kibwezi, amekwenda kununua vitunguu kwenye mashamba ya umwagiliaji. Shemeji yake, ndugu mdogo wa mumewe, alimpigia simu akamwambia mgonjwa yuko vizuri, ameomba chakula. Dada akaamini. Kwa nini asiamini? Alimwacha mume akiwa na kikohozi tu. Akanunua mapapai, yale laini ambayo mgonjwa anaweza kula bila kutafuna. Akasafiri hadi Mbumbuni ameyapakata asije akayaponda, akakuta turubai na viti na watu wote wamesimama kumtazama.

Haya yote dada alituambia pale verandani, kidole bado juu ya kitabu. Mimi nilijua ya turubai. Ya mapapai sikuyajua.

"Nikashuka," akasema, "na hakuna mtu aliyesema neno. Walinishika tu mikono wakaniingiza ndani. Mtu akanipokonya mapapai. Tangu siku hiyo mpaka leo, hakuna mtu hata mmoja aliyefungua mdomo akaniambia mume wangu amekufa. Mnasema alipumzika. Mnasema aliitwa. Na wewe," akanigeukia, na macho yake yalikuwa na moto niliokuwa sijauona muda mrefu, "wewe hata wa kitabuni unanificha! Hata huyu ambaye hajawahi kuzaliwa!"

Nilifungua mdomo nijitetee. Nina majibu kwa kila kitu, waulize wanafunzi wangu.

"Pole, dada," nikasema.

"Kaa hapo. Nasoma mimi."

Akasoma! Jamani, akasoma alasiri hiyo mpaka chai ikapoa, na siku iliyofuata akasoma, na kazi yangu ikawa kusokota nyuzi za katani, kazi ya watoto. Sikulalamika. Dada alisoma kila kitu, jeneza likiwa jeneza na kaburi likiwa kaburi. Na kumbe sehemu niliyokuwa nairuka ndiyo iliyokuwa na utamu wote, kwa sababu mama wa mandazi, baada ya mazishi, alipandwa na wazimu wa hasira. Siku ya tatu alichukua mwiko akawafukuza waombolezaji wote bomani kwake. Akamfukuza mchungaji. Akamfukuza shangazi wa marehemu aliyekuja na magodoro ya kukaa mwezi mzima, na godoro akalitupa nyuma yake.

"Huyu mwanamke hana adabu," mama mmoja akasema.

"Mwacheni," dada akasema, hakuinua kichwa. "Amechoka kuambiwa ajikaze."

Tukagawanyika papo hapo. Nusu wakasema mgeni wa matanga hafukuzwi, ni laana. Nusu wakasema shangazi yule alistahili mwiko tangu ukurasa wa kwanza. Katikati ya kelele hizo mwenyekiti akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mama yake alipokufa aliichukia kwaya. Waliimba vizuri, akasema, na yeye alitaka kuwarushia mawe. Hajawahi kumwambia mtu. Mama wa duka akasema yeye alipopoteza mtoto watu walimwambia usilie, utapata mwingine, na akapata wengine, lakini yule bado anamtaka. Akasema hivyo huku anatumiminia chai, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mwenyekiti akamshika bega. Kisha mtu akarudi kwenye shangazi na godoro lake, na tukacheka tena, na tulikuwa tunalia pia, na hakuna aliyeomba msamaha kwa lolote kati ya hayo mawili.

Nilifundisha fasihi maisha yangu yote. Niliwaambia watoto fasihi huelimisha, hurekebisha, huburudisha, wakaandika, wakapata alama. Sikuwahi kuwaambia kwamba mtu anaweza kubeba jambo bila jina lake, akafungua kitabu cha mtumba kilicholiwa na panya, akakuta jambo lake limeandikwa na mtu asiyemjua, tena kwa maneno machache. Sikuwaambia kwa sababu sikujua. Dada yangu, ambaye aliacha shule akiwa darasa la saba, ndiye aliyenionyesha kwa kidole, na nilimwonea wivu kidogo, nisidanganye.

Na alicheka! Ilikuwa ukurasa ambapo mama wa mandazi anampiga mwiko mnunuzi aliyekuja kuchukua baiskeli za marehemu, na mnunuzi anakimbia na kanyagio moja mkononi. Dada alianza kusoma, sauti ikatetemeka, nikadhani ni kilio, nikasimama tayari. Kumbe kicheko. Kile cha zamani, kile kinachotoka tumboni. Watu waliokuwa wakipita sokoni waligeuka. Nilimkumbatia mpaka miwani ikadondoka, akanisukuma, akasema, "Hebu toka, mwalimu, unanipotezea mstari."

Nilidhani tumemaliza. Niliimba jikoni asubuhi iliyofuata, mimi ambaye sauti yangu ya kuimba ni ndugu ya mkono wangu wa kusuka. Dada alisikiliza kwa subira, akaweka chini sufuria aliyokuwa anaosha.

"Bado sijalia," akasema.

"Utalia tu, dada."

"Sitalia hivi hivi. Nataka kupelekwa Mbumbuni. Nataka kuambiwa."

Nilidhani anatania. Nikamtazama, hatanii. Nilipowaeleza akina mama nilitarajia wacheke, lakini mwenyekiti alisema jambo hilo lina haki yake, na kwamba mtu haendi kupokea habari ya msiba peke yake. Jumamosi tulikuwa njiani ndani ya basi, akina mama wa chama kizima, na leso zetu nzuri, na chupa ya chai, na ugomvi mkubwa kuhusu nani akae dirishani. Tuliimba toka Kabati mpaka tukapoteza sauti. Dada alikaa katikati, ameshika mkoba wake, anatabasamu peke yake, na mimi namtazama kwa pembeni. Itakuwaje asipolia? Itakuwaje akifika pale akasema "nimesikia" tena, tukarudi naye vile vile?

Shemeji alikuwa anakatia ng'ombe majani alipotuona tukiingia bomani. Ni mtu mpole, mrefu, mkimya. Tangu dada aondoke ndiye aliyekuwa anafagia uwanja wa nyumba ya dada na kupigana na mchwa mlangoni. Aliona wanawake kundi zima, akaangusha panga, nadhani alifikiri tumekuja kumdai kitu.

"Karibuni," akasema. "Karibu nyumbani, shem. Mbona hamkupiga simu?"

Dada hakuingia ndani. Aliomba kiti, akaketi uwanjani, mbele ya mlango wake uliofungwa. Kaburi liko pale kando, lina maua ambayo shemeji mwenyewe aliyapanda. Dada hakulitazama bado.

"Shem, njoo usimame hapa," akasema.

Akaja. Sisi tulisimama nyuma ya kiti, tumebanana.

"Siku ile ulinipigia simu nikiwa Kibwezi. Ulisema mgonjwa anaendelea vizuri."

Shemeji alitazama chini. "Nilisema hivyo, shem. Sikutaka uanguke njiani."

"Najua. Ulifanya vizuri, sikuanguka. Sasa nimefika. Nimekaa chini, na watu wangu wako nyuma yangu." Akaweka mikono juu ya magoti. "Mgonjwa anaendelea aje?"

Woi! Nilisikia mwenyekiti akishika mkono wangu kwa kucha. Shemeji alinitazama mimi nimsaidie. Sikumsaidia, ng'o. Akavua kofia.

"Shem, si unajua?"

"Sijui. Nauliza."

"Alitutoka."

"Alienda wapi?"

"Bwana alimpenda zaidi, akam..."

"Shem!" mama wa duka akamkemea, na mtandio wake ukaanguka mabegani, hakujali. "Mwambie mama wa watu!"

Shemeji aligeuza kofia mikononi mara nyingi. Nilitambua wakati ule kwamba yeye naye hajawahi kulisema, huyu mtu aliyepiga simu zote, aliyewaambia watu wote waje nyumbani na hakumwambia hata mmoja kwa nini. Akapiga magoti mbele ya kiti cha dada ili macho yao yalingane, na akamshika mikono yote miwili.

"Amekufa," akasema. "Ndugu yangu amekufa. Nilikuwa namshika kichwa. Mume wako amekufa, shem."

Na dada yangu akapiga nduru. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na ninaapa nilifurahi, nisameheni, nilimshukuru Mungu kwa sauti huku machozi yananiingia mdomoni. Alilia amemshika shemeji shingoni, shemeji akalia kushinda yeye, na sisi nyuma tukalipuka, kila mmoja na wake, mama wa duka na mtoto wake, mwenyekiti na mama yake, mimi na mume wangu ambaye nilidhani nilikuwa nimemaliza kumlilia zamani. Ng'ombe walikimbia. Mbwa akaingia chini ya ghala.

Nduru ikisikika kwetu, watu hawaulizi, wanakuja. Walitoka mashambani wakikimbia, majembe mabegani, wanawake wakifunga leso huku wanakimbia, majirani wale wale waliobeba jeneza na kula chakula cha mazishi pale pale uwanjani. Mama mmoja mzee alifika wa kwanza, anahema, ameshika ubavu.

"Ni nani?" akauliza. "Woi, ni nani amekufa?"

Dada aliinua uso.

"Ni mume wangu, mama," akamwambia. "Nimeambiwa sasa hivi."

Yule mama alimtazama dada, akalitazama kaburi, akatutazama sisi. Kisha akaweka jembe chini, akaketi kwenye mchanga kando ya kiti, akaanza kulia naye.